Sura ya Tano: Mfalme Aliyejificha Benki

Mgeni anayetua Chicago kwa mara ya kwanza hulisikia neno "check" mara nyingi kuliko anavyosikia jina lake. Uwanja wa ndege alikotoka, sanduku alilokabidhi lipakiwe chini ya ndege limefanyiwa "check". Hotelini, kujiandikisha ni "check in". Mkahawani akimaliza kula mhudumu anamletea "check", nayo ni bili. Alama ya vema anayoweka kwenye fomu ni "check", na shati la mirabaraba alilovaa mwenyeji wake ni la "check". Jioni wakikuta televisheni inaonyesha magongo ya barafuni, mchezaji akimbamiza mwenzake kwa bega hadi ukutani, mtangazaji naye anapaza sauti: "check!" Na mwisho wa mwezi mwenyeji huyo huenda akalipwa kwa "check", ambayo Mwingereza angeiandika "cheque".

Akifungua kamusi, mgeni wetu hapati nafuu. Maana zimepewa namba, moja, mbili, tatu, mpaka anachoka, na anabaki akidhani kwamba wenye lugha walikuwa wavivu wa kubuni maneno, wakaamua kulitwika moja kila mzigo. Sivyo. Maana hizo ni ukoo mmoja, kila moja imezaliwa na iliyoitangulia, na babu yao anajulikana. Ni mfalme wa Uajemi.

Sataranji ilianzia India, yapata karne ya 6, kwa jina la chaturanga. Hilo ni neno la Kisanskriti lenye maana ya viungo vinne, yaani vikosi vinne vya jeshi la zama hizo: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi waliuchukua mchezo wakauita chatrang. Waarabu walipoiteka Uajemi katika karne ya 7 waliurithi, wakautamka shatranj, na huko ndiko Kiswahili kilikopata sataranji na Kihispania kikapata "ajedrez". Jina lilisafiri likiwa zima, likabadilika sauti tu. Lakini ng'ambo ya Hispania, kwa Wafaransa na majirani zao, jina la mchezo halikupita. Kilichopita ni kelele yake.

Kelele ilikuwa hivi. Mchezaji akimtishia mfalme wa mwenzake, adabu ilimtaka amtahadharishe kwa kuitaja kete hiyo kwa sauti: shah! Mfalme! Aliyeambiwa shah hana tena uhuru. Mbinu aliyokuwa akiipanga, hata kama ingemletea ushindi katika hatua mbili, inabidi isubiri. Kanuni inamlazimisha ajibu kwanza: amsogeze mfalme, amkinge kwa kete nyingine, au amwondoe adui anayemtishia. Mambo mawili yamo ndani ya ukelele huo, kusimamishwa na kudaiwa jibu, na naomba msomaji ayashike yote mawili, kwa sababu karibu kila maana ya "check" tutakayokutana nayo imechukua mojawapo, au imeyachukua yote.

Na pale mfalme alipokosa jibu, mshindi alisema shah mat. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa, au anadhani hahitaji: mat, mauti, maiti. Mfalme amekufa. Waarabu wengi wamelielewa hivyo tangu zamani. Wapo wataalamu wa lugha wanaopinga, wakisema mat hapa ni neno la Kiajemi, la mtu aliyeduwaa, aliyeishiwa na mbinu. Mimi naegemea kwa hao, na sababu yangu ni mchezo wenyewe. Askari, farasi, tembo, hata waziri, wote huondolewa ubaoni wakiliwa. Mfalme haliwi. Hubaki amesimama palepale, amezingirwa, hana pa kwenda, na mchezo huishia hapo.

Katika vinywa vya Wafaransa wa kale shah likawa "eschec", na wingi wake "esches". Kiingereza kikachukua vyote viwili na kuvitenganisha: umoja ukawa "check", wingi ukawa "chess", ambayo vijana wetu huiita chesi. Kwa hiyo jina la mchezo mzima kwa Kiingereza, ukilivua nguo, ni "mashah" tu. Wafaransa wenyewe walibaki na "échec", na kwa kuwa shah mat ni habari mbaya kwa aliyeambiwa, neno likaja kumaanisha kushindwa. Mwanafunzi wa Lubumbashi, anayesoma kwa Kifaransa na kuzungumza Kiswahili barazani, akirudi nyumbani na "échec" ujue amefeli. Baba yake akienda mjini na "chèque" anakwenda benki kuchukua pesa. Hao ni ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza katoka moja kwa moja kwenye ubao wa mchezo. Wa pili kazungukia London.

Ubao wenyewe uliitwa "eschequier", na hapa hadithi inaingia ikulu.

Wafalme wa Kinormani waliotawala Uingereza walikuwa na tatizo ambalo kila serikali inalijua: mapato yanakusanywa mbali, na wakusanyaji si malaika. Yapata 1110, enzi za Henry I, inaanza kutajwa idara ya ukaguzi wa hesabu za mfalme inayoitwa kwa jina la meza yake, "Exchequer". Tunaijua meza hiyo vizuri kuliko tunavyozijua ofisi nyingi za leo, kwa sababu Richard FitzNeal, mweka hazina wa Henry II, aliketi katika miaka ya 1170 akaandika kwa Kilatini kitabu kizima kuieleza, katika mtindo wa mwanafunzi kuuliza na mwalimu kujibu.

Meza, anasema, ilikuwa na urefu wa kama futi 10 na upana wa futi 5, na pembeni ilizungushiwa ukingo wa kimo cha vidole vinne ili vilivyowekwa juu yake visidondoke. Juu yake kilitandikwa kitambaa cheusi, kilichonunuliwa wakati wa Pasaka, chenye mistari iliyoachana kwa futi moja au shibiri moja. Kila nafasi kati ya mistari ilikuwa na thamani yake: ya kwanza ni ya peni, inayofuata ni ya shilingi, kisha pauni, kisha pauni ishirini-ishirini, kisha mamia, kisha maelfu. Mhesabu alizisogeza sarafu za kuhesabia kutoka nafasi hadi nafasi, huku wakubwa wa dola wamekaa kuizunguka meza wakimtazama mikono.

Kwa nini wasiandike tu? Kwa sababu walikuwa wakitumia tarakimu za Kirumi. Hebu chukua MCCXC utoe CDXLVII, bila kuzigeuza kwanza ziwe namba tulizozizoea. Utaiona faida ya kitambaa. Tena kitambaa kilikuwa na fadhila nyingine, kwamba asiyejua kusoma aliweza kuiona hesabu yake ikipanda na kushuka. Na waliohesabiwa wengi walikuwa wa aina hiyo. Hawa ni masherifu, wasimamizi wa majimbo waliomkusanyia mfalme mapato (wasichanganywe na masharifu wa Lamu; hawana udugu nao, wala wa damu wala wa maneno). Sherifu aliitwa mara mbili kwa mwaka, Pasaka na kwenye sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwishoni mwa Septemba. Anachodaiwa kilipangwa juu ya meza, alicholeta kikapangwa hapohapo mezani, chini ya kile anachodaiwa, na tofauti ikabaki wazi mbele ya macho ya wote.

FitzNeal anasema jina limetokana na sura ya meza, iliyofanana na ubao wa sataranji. Kisha anaongeza sababu ya pili, na ndiyo inayonifurahisha. Pale mezani, anaeleza, pana vita vya watu wawili, mweka hazina na sherifu, na waliobaki wamekaa kama waamuzi. Mwanafunzi katika kitabu hana haja ya kuuliza nani ndiye mfalme aliyezingirwa.

Ushahidi wa malipo ulikuwa fimbo. Kijiti cha mti kilichongwa alama: kwa pauni elfu moja, mkato wa unene wa kiganja, kwa mia moja, upana wa dole gumba, kwa ishirini, kidole cha mwisho, kwa pauni moja, upana wa punje ya shayiri iliyokomaa. Kisha kijiti kilipasuliwa kwa urefu, alama zikagawanyika pande zote mbili. Nusu alikwenda nayo mlipaji, nusu ikabaki hazina. Siku ya hesabu nusu zililazwa pamoja. Aliyejiongezea mkato nyumbani alikamatwa papo hapo, kwa kuwa hakuwa na namna ya kuuongeza kwenye nusu ya pili. Vijiti hivyo vilidumu kwa karne na karne. Vilipokuja kuonekana takataka, viliamriwa vichomwe kwenye majiko ya Bunge mjini Westminster tarehe 16 Oktoba 1834. Moto ulizidi kipimo, na jengo la Bunge likateketea karibu lote.

Meza na kitambaa havipo tena. Jina lipo. Waziri wa fedha wa Uingereza mpaka leo ni "Chancellor of the Exchequer", cheo ambacho ukikichimba unamkuta msimamizi wa ubao wa sataranji. Magazeti ya Kiingereza ya Nairobi huiita Hazina ya Kenya "Exchequer" kila yanapoandika habari za bajeti. Na stakabadhi ya malipo ya serikali ya Tanzania hubeba maneno "Exchequer Receipt". Aliyelipia leseni au faini akaikunja karatasi hiyo akaitia mfukoni, ametembea na kipande cha kitambaa cha FitzNeal bila kujua.

Kutoka kwenye ubao na meza likaja jina la nakshi: nguo ya miraba ni "check". Msomaji anayeona hatua hiyo ni ya ajabu aende dukani aulize shati la drafti. Sisi nasi tumeuchukua mchezo wa drafti, tukautazama ubao wake, tukaipa jina la mchezo ile nakshi ya shati. Hakuna aliyetufundisha.

Turudi kwenye ukelele, kwa sababu huko nako uzazi ulikuwa ukiendelea. Katika Kiingereza cha karne ya 14 na zilizofuata, "check" lilitoka ubaoni likaenda mitaani kwa maana ya kusimamisha ghafla, kuzuia, kutia hatamu. James Madison na wenzake walipoitetea katiba mpya ya Marekani mwaka 1788, hoja yao kubwa ilikuwa kwamba kila mhimili wa dola uwe na uwezo wa kuuzuia mwingine, na neno lao la kuzuia lilikuwa hilo. Wanaocheza karata za pesa wanalo: asiyetaka kuongeza dau kwa sasa husema "check", yaani nasimama hapa. Lile bega la magongo ya barafuni ndilo lilelile, limeongezewa nguvu tu.

Kisha, mnamo karne ya 17, kuzuia kukazaa kukagua. Ukilitazama haraka jambo hili halieleweki, maana kuzuia na kukagua ni vitendo viwili mbali kabisa. Lakini simama na mlinzi wa getini. Kitu cha kwanza anachofanya ni kukusimamisha. Cha pili ni kuuliza: unatoka wapi, unakwenda kwa nani, kitambulisho kiko wapi? Ni kitendo kimoja chenye nusu mbili, na neno lililotaja nusu ya kwanza likateleza kwenda kutaja ya pili. Muda ulivyopita, kusimamisha kukasahauliwa, ukabaki ukaguzi. Mahali pachache ambapo nusu zote mbili bado zinaonekana ni kwenye kizuizi cha barabarani, kinachoitwa "checkpoint". Dereva wa basi aliyepungiwa mkono na trafiki, akaegesha pembeni, akatoa leseni dirishani, ameifahamu historia ya neno hili kuliko mhitimu wa chuo.

Cheki ya benki ilizaliwa hapohapo. Mwanzoni mwa karne ya 18 "check" katika benki za London haikuwa karatasi unayompa mtu akachukue pesa. Ilikuwa kile kipande kinachobaki nyuma, kishina, cha kulinganishia ili mghushi asipenye. Msomaji anaona tumerudi kwenye kijiti kilichopasuliwa. Baadaye jina likavuka mstari wa kuchania, likahamia kwenye kipande kinachoondoka. Waingereza, wakiwa na "Exchequer" vichwani, wakaanza kuliandika "cheque", na tahajia hiyo ikatulia katika karne ya 19. Wamarekani hawakujisumbua.

Wapo wanaoipinga nasaba hii. Wanasema cheki ni neno la Kiarabu, sakk, hati ya deni, ambayo wingi wake ni sukuk, neno linalosikika sasa hata Dar es Salaam na Zanzibar katika habari za hatifungani zinazofuata sharia. Na sakk zilikuwepo kweli, muda mrefu kabla ya benki za London. Msafiri Ibn Hawqal, katika karne ya 10, alisimulia kwamba aliona Awdaghust, ukingoni mwa Sahara, sakk ya dinari 42,000 ambayo mfanyabiashara wa huko alidaiwa na mtu wa mji wa Sijilmasa. Kitu hicho kilikuwa na kazi ya cheki, hilo halina ubishi. Ila kufanana kwa sauti kunavutia kuliko kunavyothibitisha, na safari ya neno la Kiingereza kutoka kishina hadi karatasi inaonekana katika maandishi hatua kwa hatua, bila kuhitaji msaada wa Sahara. Wanaotaka heshima ya Waarabu katika jambo hili wanayo tayari: bila shatranj yao pasingekuwa na "check" yoyote.

Pwani yetu, kwa upande wake, ilikuwa na hundi kabla ya cheki, neno na karatasi vyote vikiwa vimeletwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Leo maneno yote mawili yanatumika, na yote mawili yanazeeka. Kenya iliweka ukomo wa shilingi milioni moja kwa cheki mwaka 2009, miaka miwili tu baada ya M-Pesa kuanza. Afrika Kusini ilizifuta kabisa mwishoni mwa 2020.

Tukio moja lililobaki, ambalo nadhani mchezaji wa kale wa Baghdad angelielewa, lilianzia Ohio. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright, kampuni ya Boeing ililionyesha jeshi la Marekani ndege yake mpya, Model 299, yenye injini nne. Ilipaa, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka. Rubani, Meja Ployer Hill, mmoja wa marubani hodari wa jeshi, alikufa pamoja na mwenzake. Ndege haikuwa na ubovu. Kulikuwa na kufuli la kuvizuia visukani vya mkiani visichezwe na upepo ndege ikiwa chini, na hakuna aliyekumbuka kulifungua. Marubani waliofuata hawakuomba mafunzo marefu zaidi. Walitengeneza karatasi fupi ya mambo ya kuhakikisha kabla ya kuondoka, "checklist".

Wazo hilo lilifika hospitalini kwa kuchelewa. Shirika la Afya Duniani lilipotunga orodha ya aina hiyo kwa ajili ya upasuaji, yenye mambo 19, liliijaribu kuanzia 2007 katika hospitali nane: Toronto, London, Seattle, Auckland, New Delhi, Manila, Amman, na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Orodha inalazimisha kusimama mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Kila kituo kina maswali yanayojibiwa kwa sauti. Huyu ni nani? Tunapasua wapi? Kila aliyemo ataje jina lake na kazi yake. Mwishoni, sindano, vifaa na vitambaa vihesabiwe, visije vikafungiwa tumboni. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba, kwa hospitali zote kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Daktari bingwa wa upasuaji ni mfalme wa chumba chake. Nesi anayemwambia asikate kwanza, ajibu, anampa shah kwa maana yake kamili ya kale: simama, na toa jibu. Si ajabu kwamba madaktari wengine, kwingi duniani, waliiona orodha hiyo kama dharau.

Zipo maana za kupita tu. "Rain check" ilikuwa tiketi ya mashabiki wa besiboli karne ya 19, mvua ikikatisha mchezo warudi siku nyingine bure; leo Mmarekani asiyetaka mwaliko wako huomba hiyo kwa tabasamu, na usikae ukimsubiri.

Na sisi? Kiswahili cha mjini kimelichukua neno kama kitenzi, kucheki, na kukileta karibu na mwenzake asiyehusiana naye, kucheka. Kwa kawaida hawagombani: "alinicheki" na "alinicheka" ni habari mbili tofauti kabisa, ingawa herufi moja tu ndiyo inayozitenga. Lakini vitenzi vya asili hugeuza a ya mwisho kuwa i katika ukanushi wa wakati uliopo, na vya mkopo hubaki vilivyo. Kwa hiyo kijana anayefumwa na mama yake ameinamia simu huku ametabasamu, akisema "sicheki!", amekana mambo mawili kwa neno moja, na mama ana haki ya kuuliza ni lipi. Kuchekecha nako hakumo katika ukoo huu, ingawa kazi ya chekeche ni kuzuia makapi na kupitisha unga. Sadfa nzuri, lakini sadfa.

Maana pia imeendelea kutembea. Kucheki mpira ni kuutazama tu, hakuna anayekagua. Na anayekuambia "nicheki kesho" hataki umzuie wala umpekue. Anataka umpigie simu au umtafute, na wawili wakiagana husema "tutachekiana". Maana hii Waingereza hawana. Ukiirudisha kwao ilivyo, ukamwambia mmoja wao akucheki kesho, atakutazama usoni kwa huruma na kukuuliza homa imeanza lini.